Wanafagia Bisi kwa Saa Tatu: Kuielewa Tamthilia ya The Flick

Mwaka 2014 tuzo ya Pulitzer ya tamthilia, ambayo kwa waandishi wa jukwaani wa Marekani haina mfano kwa uzito, ilikwenda kwa mchezo ambao mwaka mmoja tu kabla yake watazamaji walikuwa wakiukimbia. Walikuwa wamelipia tiketi, wamekaa, wametazama nusu ya kwanza, na ilipofika mapumziko wakaondoka bila kurudi. Malalamiko yalikuwa mengi kiasi kwamba Tim Sanford, aliyekuwa mkurugenzi wa sanaa wa ukumbi wa Playwrights Horizons jijini New York, aliwaandikia wanachama wa ukumbi huo barua pepe kueleza kwa nini mchezo ule umewekwa pale na kwa nini haukupunguzwa urefu. Mchezo wenyewe ni The Flick, ulioandikwa na Annie Baker na kuongozwa na Sam Gold.

Tangu wakati huo maswali yamekuwa yale yale. Kitu kilichokimbiwa kinapewaje tuzo? Kama ni mchezo wa mapenzi, mbona hakuna wawili wanaopatana? Kama unahusu sinema, mbona hatuonyeshwi sinema? Na kwa nini unachukua zaidi ya saa tatu ilhali sehemu kubwa ya muda huo watu wamenyamaza wakifagia bisi sakafuni? Maswali haya yana majibu, na majibu yake hayahitaji shahada ya sanaa za maonyesho.

Tuweke sawa maneno kwanza. Ninaposema tamthilia hapa simaanishi mifululizo ya Kituruki na Kifilipino inayotukusanya mbele ya runinga kila jioni. Namaanisha mchezo ulioandikwa ili uigizwe jukwaani, waigizaji wakiwa hai mbele ya watu walio hai. Tofauti hiyo ni kubwa kuliko inavyoonekana. Kwenye runinga kamera husogea hadi machoni mwa mtu ikakuonyesha chozi linavyojikusanya, na muziki ukakuambia usikitike. Jukwaani hakuna wa kukusogezea. Mwigizaji yuko mbali nawe hatua 10 au 20, na kama amekupa kisogo basi amekupa kisogo. Kazi ya kutafuta kinachomuuma ni yako.

Neno la pili ni Off-Broadway, kwa sababu wengi hudhani maana yake ni mchezo wa daraja la pili ulioshindwa kufika Broadway. Kinachotofautisha hasa ni idadi ya viti. Ukumbi wa New York wenye viti 500 au zaidi, katika eneo lile la katikati ya Manhattan, ndio unaoitwa wa Broadway. Wenye viti kati ya 100 na 499 ni Off-Broadway. Ukumbi mdogo una gharama ndogo, kwa hiyo unaweza kuthubutu mambo ambayo ukumbi wa viti 1,000 usingethubutu kwa hofu ya hasara. The Flick ulianzia kwenye ukumbi usiofika viti 200. Kwa maoni yangu usingeweza kuanzia pengine popote.

Neno la tatu ni upweke, na hapa ndipo wengi wanapojikwaa. Upweke na kuwa peke yako ni vitu viwili. Mtu anaweza kuishi mwenyewe nyumba nzima na moyo wake umetulia, na mwingine akawa kwenye chumba chenye watu sita akajihisi hayupo. Wanaolichunguza jambo hili huueleza upweke kama pengo kati ya ukaribu ambao mtu anauhitaji na ukaribu alio nao kweli. Siku hizi linazungumzwa hata na wizara za afya. Novemba 2023 Shirika la Afya Duniani liliunda tume ya kushughulikia mahusiano ya watu, wenyeviti wake wakiwa Vivek Murthy, wakati huo mganga mkuu wa serikali ya Marekani, na Chido Mpemba, mjumbe wa vijana wa Umoja wa Afrika. Ripoti ya tume hiyo, iliyotoka Juni 2025, ilisema mtu mmoja kati ya kila 6 duniani anaathiriwa na upweke. Baker aliandika mchezo wake miaka zaidi ya 10 kabla ya ripoti hiyo, na hakuweka takwimu hata moja. Aliweka watu watatu ndani ya jumba la sinema.

Jumba hilo lipo katika wilaya ya Worcester, jimbo la Massachusetts, kaskazini mashariki mwa Marekani. Ni majira ya joto ya 2012. Lina skrini moja, limechakaa, na ni miongoni mwa machache yaliyobaki yanayoonyesha filamu kwa mkanda wa milimita 35. Mtazamaji anapoingia ukumbini anakuta jambo la ajabu: jukwaani kuna safu za viti vya sinema, na viti hivyo vinamtazama yeye. Juu kabisa nyuma kuna kidirisha cha chumba cha projekta. Yaani sisi watazamaji tumekaa pale ambapo skrini ingekuwepo. Mchezo unapoanza, mwanga wa projekta unatumulika sisi. Ndiyo maana hatuioni filamu yoyote. Kila filamu inapokwisha na taa kuwashwa, tunawaona wafanyakazi wakiingia na mifagio kuokota makopo na kufagia bisi zilizomwagika, na hayo ndiyo maisha tuliyoletwa kuyatazama.

Wafanyakazi ni watatu. Sam ana miaka 35, amefanya kazi pale muda mrefu, bado anaishi kwa wazazi wake, na kazi yake ni kufagia na kuuza tiketi. Rose ana miaka 24, nywele amezipaka rangi ya kijani, na ndiye anayeendesha projekta. Alipandishwa kwenye nafasi hiyo huku Sam, aliyemtangulia kazini, akiachwa chini na ufagio wake. Avery ana miaka 20, ni kijana mweusi, baba yake ni mhadhiri wa chuo, naye ameacha masomo kwa muda baada ya kujaribu kujiua. Filamu anazijua kwa namna ya kutisha. Mtajie waigizaji wawili wowote, hata wasio na uhusiano kabisa, naye atakuunganishia mmoja hadi mwingine kupitia filamu walizocheza na wenzao. Sam hachoki kumjaribu.

Sasa tuje kwenye tamaa isiyojibiwa. Sam anampenda Rose kimyakimya, kwa muda mrefu. Rose anavutiwa na Avery. Avery hajui vizuri anachokitaka. Kinachomsisimua ni kile kinachotokea kwenye skrini. Wapange hivyo utaona wamekaa kama watu kwenye foleni: kila mmoja anatazama kisogo cha aliye mbele yake, na hakuna aliyegeuka kuona nani anamtazama yeye.

Mpangilio huo Baker hakuuvumbua. Anton Chekhov, Mrusi, aliujenga mchezo mzima juu ya mnyororo wa namna hiyo mwaka 1896, mwalimu akimpenda msichana anayempenda kijana anayempenda msichana mwingine ambaye naye anampenda mwandishi. Baker anamjua Chekhov kwa undani. Mwaka 2012 alitoa toleo lake la Uncle Vanya, mchezo mwingine wa Chekhov, likaongozwa na Sam Gold huyo huyo. Alichokifanya kwenye The Flick ni kuuhamisha mnyororo ule kutoka kwenye majumba ya mashambani ya Urusi, ambako watu walikuwa na nafasi ya kukaa na kulalamika, akauweka kwa watu wanaolipwa kwa saa. Kima cha chini cha mshahara Massachusetts mwaka ule kilikuwa dola 8 kwa saa. Mtu anayelipwa hivyo hana muda wa kuhutubia juu ya moyo wake. Ana dakika chache kati ya filamu moja na nyingine, na ufagio mkononi.

Kuna matukio mawili yanayostahili kutazamwa kwa karibu.

La kwanza: Sam hayupo, amekwenda kwenye harusi ya kaka yake, na Rose na Avery wamebaki peke yao usiku. Rose anaweka filamu, wanakaa viti viwili vilivyopakana, mwanga wa projekta ukicheza nyusoni mwao. Rose anapeleka mkono. Avery hausukumi mkono ule, wala hageuki. Anaganda, macho mbele kwenye skrini, kana kwamba mwili wake umeachwa pale na yeye mwenyewe ameingia ndani ya filamu. Sekunde zinapita, nyingi, hadi Rose anaelewa na kuutoa mkono. Kinachofuata kinanigusa zaidi: wanaanza kuzungumza. Rose anamweleza kwamba kwenye mahusiano yake hamu humwisha baada ya muda mfupi, na anahofia kwamba huenda ana kasoro. Avery anamwambia juu ya kutaka kujiua. Kile kilichoshindikana kwa mkono kinapatikana kidogo kwa maneno, kwa usiku mmoja.

La pili: Sam amerudi, amegundua kwamba Rose amemfundisha Avery kuendesha projekta, jambo ambalo yeye alilitamani miaka yote bila kufundishwa. Wivu unamfungua mdomo. Anamwambia Rose kwamba anampenda. Lakini anayasema maneno hayo akiwa hamtazami. Rose yuko nyuma yake, yeye ametukabili sisi, na shingo inakataa kugeuka. Fikiria jambo hilo: mtu amebeba neno kwa miaka, limetoka hatimaye, na bado hawezi kuangalia linapoangukia. Nadhani ni kwa sababu Rose anayempenda ni yule aliyemjenga kichwani, aliyekaa juu kwenye kidirisha cha projekta, na akigeuka atamkuta Rose mwingine, mwenye hofu zake na uchovu wake, anayesubiri jibu.

Turudi kwenye ukimya, kwa kuwa ndio uliowakimbiza watu. Dhana iliyoenea ni kwamba kunyamaza kule ni waigizaji kusahau mistari, au mwongozaji kuvuta muda ili mchezo uonekane wa kina. Si kweli. Ukimya wa Baker umeandikwa. Kwenye maelezo ya mchezo wake wa mwaka 2010, The Aliens, aliagiza waziwazi kwamba angalau theluthi moja ya mchezo ni ukimya, kwamba kusita kuwe si chini ya sekunde 3, na kimya kamili kidumu kati ya sekunde 5 na 10. Sekunde 10 kwenye karatasi ni kitu kidogo. Jaribu kunyamaza sekunde 10 katikati ya mazungumzo ya simu, utasikia mwenzako akiuliza kama mtandao umekatika.

Kwa nini afanye hivyo? Kwa sababu watu wenye upweke hawahutubii. Mtu mwenye la kusema na asiye na uhakika kama litapokelewa huanza, husita, hufagia safu nyingine, huuliza swali la filamu badala ya swali alilokusudia. Kama mchezo ungekatwa ukabakiwa na mistari tu, tungewaona watu watatu wenye maneno machache na vichekesho vichache, tukawacheka na kwenda nyumbani. Ni ule muda kati ya neno na neno unaotuonyesha gharama ya kila neno. Ndiyo maana Sanford, Baker na Gold walijadiliana juu ya kuupunguza wakakubaliana kuuacha. Siamini kwamba waliotoka walikuwa wajinga. Walikuwa wamefundishwa na michezo mingine kwamba jukwaani kila dakika lazima itokee jambo, na hakuna aliyewaambia mapema kwamba hapa jambo lenyewe liko ndani ya dakika hizo. Waamuzi wa Pulitzer waliusifu mchezo kwa kuonyesha maisha ambayo ni nadra kuonekana jukwaani. Mfagiaji wa sinema amekuwa akionekana kwenye michezo mingi kwa sekunde mbili akipita nyuma ya mhusika mkuu. Baker alimpa saa tatu.

Dhana nyingine ni kwamba Rose ni mkatili kwa kutompenda Sam, na Avery ni mkatili kwa kumwacha Rose aaibike. Nimeikuta hoja hii mara nyingi kwenye mijadala ya mchezo huu, na naona inapotosha. Hakuna mtu anayedaiwa mapenzi. Sam hakumwomba Rose chochote kwa miaka. Hawezi kumshtaki kwa kutotoa alichokuwa hajaombwa. Avery hakumdanganya mtu. Kupenda usipopendwa kunauma, lakini si kosa la yeyote, na Baker hatafuti mkosaji hapo.

Kosa lipo, ila liko mahali pengine, na ukilikosa umekosa kiini cha mchezo. Wafanyakazi wa jumba lile wana mchezo wao mdogo wa pesa. Wanabaki na vipande vya tiketi zilizokwisha tumika, wanaviuza tena kwa wateja wengine, na fedha wanagawana. Wanaziita pesa za chakula cha jioni. Mwenye jumba, Steve, analipa vibaya, kwa hiyo kwao ni kama haki waliyojitwalia. Avery anapofika hataki kushiriki. Sam na Rose wanamshawishi, tena kwa upole, mpaka anakubali, kwa sababu kukataa kungemweka nje ya kundi, na kundi ndilo kitu ambacho hajawahi kuwa nacho.

Jumba linauzwa. Mmiliki mpya analibadilisha jina, anang'oa projekta ya mkanda na kuweka ya dijitali, kisha anagundua habari ya tiketi. Lawama zinamwangukia Avery, wa mwisho kuajiriwa na mweusi peke yake. Avery anatarajia kwamba wenzake watasimama waseme walikuwa wote. Hawasimami. Rose ana madeni, Sam hana pengine pa kwenda, na kila mmoja anajieleza kwamba Avery ana baba mhadhiri na chuo kinamsubiri, hivyo atanusurika. Hesabu yao ya kipato si ya uongo, na Baker anaiacha itusumbue. Lakini wanachofanya kina jina, ni kumtosa mtu.

Hapo ndipo ninaposema kwamba unyimwaji mkubwa kwenye mchezo huu si wa mapenzi. Sam alinyimwa Rose, Rose alinyimwa Avery, na wote wawili wakaendelea kuja kazini. Avery alinyimwa kutetewa na watu aliowahesabu kuwa marafiki. Mapema kwenye mchezo anamsimulia daktari wake wa akili, kwa simu, akiwa peke yake kati ya viti vile, ndoto aliyoota. Amekufa, na maisha yake yanapimwa kwa kupitisha kifaa juu ya filamu zote alizowahi kutazama, ili ijulikane ni ipi aliipenda kweli. Anangoja kwa hofu. Inayojibu si moja ya zile kazi kubwa alizozisoma na kuzitetea, ni filamu nyepesi ya vichekesho, na kwa hiyo anaruhusiwa kupita. Kijana huyu alikuwa anajiuliza kama kuna kitu chochote amewahi kukipenda. Kisha akawapenda kidogo hawa wawili, na kilichomrudia ni hicho.

Swali la mkanda na dijitali limebaki, na watu huliona kama la kiufundi lililobandikwa tu. Mkanda wa filamu ni picha halisi, 24 kwa kila sekunde, zikipitishwa mbele ya taa. Ni teknolojia ile ile iliyozungusha filamu kwenye majumba kama Avalon na Empire ya Dar es Salaam. Dijitali ni faili. Mwaka 2012 mabadiliko hayo yalikuwa yakiwakaba wenye majumba madogo: Januari mwaka ule kampuni ya Kodak, watengenezaji wa mikanda ya filamu, iliomba ulinzi wa mahakama dhidi ya wadai wake, projekta mpya ziligharimu makumi ya maelfu ya dola, na studio kubwa zilikuwa zinaelekea kuacha kutoa nakala za mkanda. Kwa Avery, kuua mkanda ni kuua kitu pekee kilichomfanya ajisikie yuko duniani. Kwa Rose, mkanda ulikuwa cheo. Mashine ya dijitali haihitaji mtu wa kukaa juu na kuiunganisha. Unabonyeza tu. Kwa hiyo kila mmoja anapoteza kitu chake kwa mashine ile ile, na hata msiba huo hawakuweza kuuombolezea pamoja.

Mwishoni Avery anarudi kuchukua projekta ya zamani na mikanda, ambavyo mmiliki mpya havihitaji. Sam ndiye anayemkabidhi. Sam anataka urafiki uendelee. Avery anamwambia bila kuzungusha kwamba hawatakuwa marafiki, na kwamba miaka ijayo yeye atakuwa amefika mbali wakati Sam bado anafagia. Wapo wanaomwona Avery hapo kama mwenye kiburi cha tabaka lake. Mimi naona ana haki ya kukasirika, na pia naona kwamba anatumia rungu lile lile ambalo Sam na Rose walilitumia kumtosa: wewe una pa kwenda, mimi sina. Baker haamui ugomvi huo, na sidhani kama ungeamulika.

Baada ya New York mchezo ulirudishwa jukwaani kwenye ukumbi wa Barrow Street mwaka 2015, na mwaka 2016 ukaenda National Theatre ya London. Maandishi yake yamechapishwa kama kitabu na yanapatikana. Ukiyapata, usiyasome kimoyomoyo kama riwaya, kwa sababu jicho huruka maelekezo ya kunyamaza na utaumaliza mchezo kwa saa moja na nusu ukajiuliza sifa zinatoka wapi. Tafuta wenzako wawili, gawaneni wahusika, msome kwa sauti, na kila mnapokuta pameandikwa kwamba watu wamenyamaza, nyamazeni kweli, hata pale mmoja wenu atakapoanza kujikunakuna.